Kilo Tisa

Jumanne, 1 Juni 1976. Mbeya

Mchakamchaka tena. Ukungu mzito, wanafunzi nawasikia tu, siwaoni. Nimekimbia nao hadi kwenye mikalitusi na kurudi. Zamani nilikuwa nasimama mstarini na fimbo, wanakimbia wao. Sasa watoto wa darasa la nne wananipita huku wakiniambia pole mwalimu. Tutaonana kwenye hesabu.

Halafu kamba, kuruka mara mia. Halafu glasi ya maji na vijiko vitatu vya glukosi. Mwenye duka kaniambia wachezaji wa mpira wote wanakunywa hiyo. Tamu sana. Nguvu inarudi palepale.

Zahanati: kilo sabini na tisa. Mwezi uliopita tulianza themanini na moja, mimi na pacha wangu Doto aliyekuja kunitembelea, sawasawa. Daktari alicheka, alidhani mizani imekwama. Alipouliza habari za ukoo hakucheka tena. Shangazi yetu, dada yake Baba, sukari ilimla mguu, na mwaka uliofuata ikammaliza. Daktari akasema sisi wawili tuna umbo la watu wa namna hiyo, tumbo mbele. Punguzeni mafuta, mrudi Agosti niwapime.

Naogopa. Nauona mguu wa Shangazi kila nikivaa soksi. Shuleni siwezi kumwambia mtu, ndiyo maana naandika hapa.

Jumapili, 6 Juni

Barua ya Doto kutoka Iringa. Mgongo wake umemsumbua tangu mtoto wa tatu, sasa anakwenda hospitali ya misheni, kuna sista mmoja Mzungu anafundisha wagonjwa mazoezi. Yanaitwa Pilates. Ni jina la Mjerumani aliyeyabuni, kasema sista. Doto kaeleza ukurasa mzima. Unalala chali juu ya mkeka. Unavuta kitovu ndani kama unafunga kanga. Unainua miguu polepole, unahesabu pumzi. Hakuna kukimbia. Hakuna hata jasho la maana.

Yaani siku hizi kulala ni mazoezi. Nimecheka mpaka Baba Neema, mume wangu, kaja kuuliza kuna nini.

Nimejibu leo hii. Tushindane. Mimi mbio na kamba, yeye mkeka wake. Chakula kilekile: ugali nusu, mboga nyingi, maandazi marufuku. Agosti tukienda kwa wazee Ubaruku tupimwe kwenye mizani ya mpunga, mbele ya watu. Aliyepungua zaidi, mwenzake afuate njia yake. Nimempa sababu nzuri nzuri za afya. Ukweli nataka kumshinda.

Jumamosi, 12 Juni

Mama katuletea vitenge kwa mtu aliyekuja na mpunga. Viwili, maua yaleyale. Mama hajawahi kununua kimoja maishani mwake. Kwetu Usukumani pacha akipewa kitu, mwenzake apewe hichohicho siku hiyohiyo, la sivyo mmoja ataugua. Tuna miaka thelathini na tano na bado.

Nimekwenda kwa fundi. Kanipima mimi tu, gauni mbili. Ndivyo tulivyofanya siku zote, kipimo kimoja kwa watu wawili. Kiuno, kifua, mabega, mkono. Kaandika kwenye karatasi ya sigara. Moja nitampelekea Doto hukohuko Ubaruku.

Alhamisi, 24 Juni

Sabini na saba!

Doto kaandika. Bado themanini na moja. Wiki nne za kulala kwenye mkeka, hakuna hata nusu kilo. Ila anasema sketi ya kazini inamteleza, imebidi atie pini.

Sielewi. Kilo hazijashuka, sketi imelegea. Labda sketi ndiyo imenenepa.

Jumatatu, 5 Julai

Baridi inauma, mpaka ndoo za nje zilikuwa na barafu juu. Na mimi nina kiu. Watu wanatafuta chai ya moto, mimi naenda mtungini kama nimetoka kulima juani. Darasani nimetoka mara tatu kwenda msalani, watoto wakatazamana. Ni mbio hizi. Mtu anayetoka jasho lazima anywe.

Nimeongeza kijiko cha glukosi. Vinne sasa.

Jumatano, 14 Julai

Mama mkwe kaja kutoka Tukuyu na mikungu miwili ya ndizi. Alivyoniona tu mlangoni akaiweka chini, akamwita mwanawe pembeni. Kinyakyusa nakijua kiasi cha kunikasirisha. Anamwuliza amenifanya nini, mbona nimekwisha, watu wa reli wanapata mshahara na mke anakonda, ndugu zangu wakija atasema nini. Baba Neema wa watu akabaki anajikuna kichwa.

Nimemweleza mama kwamba nimekonda kwa makusudi. Hakuna neno alilolielewa. Kwake mwanamke anakonda kwa njaa, kwa ugonjwa au kwa mume mbaya. La nne hajalisikia. Jioni kanipikia ndizi za maziwa, kasimama hapohapo mpaka nikamaliza.

Nimekula yote. Na bado nilikuwa na njaa. Hilo nalo silielewi.

Ijumaa, 23 Julai

Sabini na nne. Mwuguzi wa zahanati kaniuliza nafanyaje, naye anataka. Nimejisikia mtu.

Lakini niandike yote, hapa hapana wa kumdanganya. Kamba nilikuwa naruka mia, leo nimefika arobaini magoti yakakataa. Mwezi wa tano nilikuwa na kilo saba zaidi na nilikuwa naruka kuliko leo. Mzigo umepungua, mbebaji kachoka zaidi. Vipi? Nimesimama nyuma ya darasa, maandishi ya ubaoni siyaoni vizuri. Chaki mbaya, labda.

Na kitu kingine cha kipuuzi. Sisimizi wamejaa msalani, mstari mrefu kutoka ukutani mpaka kwenye tundu. Nimemwaga majivu. Kesho yake wamerudi. Kwa jirani hakuna hata mmoja.

Tumbo lipo palepale. Mikono ndiyo imekwenda. Pete inazunguka.

Jumanne, 3 Agosti

Doto: sabini na tisa. Kilo mbili, miezi miwili! Eti mgongo umepona kabisa, eti anabeba ndoo mbili toka bombani bila kupumzika njiani, eti mume wake kasema amekuwa mgumu kama gogo. Hii nayo ni sifa ya mke?

Nimemjibu kwa adabu. Adabu ya mshindi.

Daktari alisema turudi mwezi huu. Nitakwenda nikitoka Ubaruku. Haraka ya nini, mizani imekwishasema.

Jumamosi, 14 Agosti. Ubaruku

Nimefika jana. Mavuno mazuri, magunia mpaka uvunguni mwa kitanda cha wazee. Doto kafika leo saa nne. Tumekumbatiana, na nimeshtuka kidogo. Alikuwa mgumu kweli. Yeye naye kashtuka, nilimwona. Kanishika mgongo halafu akaondoa mkono haraka.

Tumevaa gauni za Mama. Hapo ndipo siku ilipoanza kuharibika. Gauni moja, kipimo kimoja, cha Juni. Kwa Doto mabega yamekaa sawa, mikono sawa, kiuno kinapwaya. Kwangu mabega yameanguka, mikono ya gauni inapepea, kiuno kimebana kama siku niliyopimwa. Mama katusimamisha kando kwa kando, katuangalia muda mrefu. Maisha yetu yote watu wametuchanganya. Leo jirani kauliza yule mwembamba ni mgeni wa nani.

Nikasema twendeni kwenye mizani, maneno ya nini. Ile ya mashineni wanapokoboa mpunga, ya kupandia na gunia. Wamekuja watu kumi na zaidi. Doto: sabini na tisa. Mimi: sabini na mbili. Kilo tisa! Nikapiga vigelegele mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Nikamwambia Doto kesho asubuhi mkeka wake naufungia mlango, aanze kukimbia.

Doto hakucheka. Baba ndiye aliyekuja. Alikuwa amekaa juu ya magunia na fimbo yake. Kanishika mkono juu ya kiwiko kwa vidole viwili, akabonyeza. Akapanda begani, akabonyeza. Mfupa wa nyuma ya bega, akabonyeza. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote, kila siku ya mnada. Sikuwahi kufikiri nitafanyiwa mimi. Halafu kamwita Doto, kamfanyia vilevile.

Akasema kwa Kisukuma, si kwa sauti kubwa, ila wote walisikia: "Huyu amepungua nyama. Mafuta yake yote bado yapo tumboni. Ng'ombe wa hivi simpeleki mnadani, namtafutia dawa."

Nimefanya kitu cha aibu. Nimemwambia Baba mimi si ng'ombe, nikaondoka.

Jumapili, 15 Agosti

Sijakwenda kanisani. Nimekaa nyuma ya zizi, nina hasira. Na ndani ya hasira kuna kitu kibaya zaidi. Nina hofu.

Baba alinifuata. Hakusema habari ya jana. Kaanza kunieleza mizani, kama nilivyokuwa mtoto. Wauzaji mnadani huwanywesha ng'ombe maji asubuhi ili wawe wazito, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili haangalii kilo. Tumbo halisemi kitu, tumbo ni nyasi na maji. Unabonyeza shina la mkia, mbavu, nundu. Mnyama anayepungua vizuri hupungua tumbo kwanza, paja linabaki. Anayeanzia pajani na tumbo likabaki, kuna kitu kinamla ndani.

Nikamwambia nimekimbia sana, Baba, ndiyo maana. Kasema punda anayekimbia kila siku ana mapaja.

Halafu akauliza nakunywa maji kiasi gani. Nimedanganya. Doto alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, akasema: "Kulwa. Usiku umetoka mara sita. Nimehesabu. Shangazi alianza hivyohivyo."

Basi. Nimelia kama mtoto, na Baba kashika fimbo yake anaangalia ng'ombe. Kesho nakwenda Iringa na Doto, hospitali ya misheni. Mbeya ningefika upesi vilevile, lakini nataka Doto awepo.

Kabla hatujalala Baba kaleta ukanda wa ngozi, ule anaopimia ndama kifuani. Kauzungushia mkono wa Doto, juu ya kiwiko, akaweka alama kwa kisu, akakata. Nikangoja apime wangu. Hakupima. Kakata wa pili sawasawa na wa kwanza, akashona pete mbili. Moja kwake, moja kwangu. Pacha ni pacha. Wangu umeteleza mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kasema nisiuvue mpaka ukae.

Jumanne, 17 Agosti. Iringa

Sukari.

Daktari alichemsha mkojo wangu na dawa ya buluu kwenye kichupa cha kioo. Ukageuka rangi ya matofali. Alinionyesha. Kumbe sisimizi wa Mbeya walijua kabla yangu.

Kaniuliza nakula nini. Nimetaja ugali nusu, mboga, kwa fahari hata. Kaniuliza nakunywa nini. Nikasema maji. Akangoja tu. Nikasema maji ya glukosi. Vijiko vingapi? Vinne. Mara ngapi kwa siku? Nikaanza kuhesabu vidole, nikafika sita nikaacha. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali anigombeze.

Kwa hiyo zile kilo tisa. Nilizipigia vigelegele.

Alhamisi, 19 Agosti

Nimelazwa. Sindano asubuhi na jioni. Nimemng'ang'ania daktari ampime Doto. Tumetoka tumbo moja, saa moja, kama ninayo mimi anayo na yeye. Sikulala kwa kumngojea. Majibu: hana. Mkojo wake ulibaki buluu.

Nimefurahi. Wallahi nimefurahi, pacha wangu mguu wake upo. Dakika tano baadaye nikamchukia. Kwa nini yeye hapana? Ni kile kimkeka? Niandike vyote viwili maana vyote ni kweli.

Jumamosi, 28 Agosti

Nimetoka hospitali, niko kwa Doto. Mwalimu mkuu kanipa ruhusa ya mwezi. Baba Neema alikuja na kurudi kazini, kaacha bahasha ya barua za darasa langu. Pole mwalimu, pole mwalimu, arobaini na mbili.

Najichoma mwenyewe sasa. Bomba la sindano, la kioo, linachemshwa kwenye sufuria ndogo, Doto kaipaka alama nyekundu ili mtu asije akapikia mayai.

Leo nimekutana na sista wa mazoezi. Mfupi, ana mikono kama ya seremala. Nilitaka aniambie moja tu: nani alikuwa na haki, mbio au mkeka? Nimekuja na swali moja nimeondoka na kumi. Anasema mbio hazikunidhuru, mbio ni nzuri kwa moyo na huchoma mafuta, huenda bila mbio ningeanguka mapema. Mkeka haupunguzi kilo nyingi, ila hujenga nyama iliyolala, ya tumbo na mgongo, na nyama ina uzito. Ndiyo maana Doto alikonda bila kupungua. Nikamwuliza, kwa hiyo mkeka ndio uliomkinga? Kasema hajui. Nikamwuliza, glukosi ndiyo iliyoniletea? Kasema ilizidisha, mwanzo wake hajui. Mtu kavuka bahari kuja kuniambia hajui.

Daktari wa Mbeya alisema mafuta. Nakumbuka vizuri, alisema mafuta. Mimi nikachukua kilo, kwa sababu kilo unaziona, zina namba, unaweza kumshinda mtu kwazo. Nimefundisha hesabu miaka kumi na mbili.

Alhamisi, 2 Septemba

Nimelala kwenye mkeka mara ya kwanza. Doto ananihesabia pumzi. Kuvuta kitovu, kuinua miguu, kushusha polepole. Nikasema hili nalifanya nimefumba macho. Ya nane nikaanza kutetemeka kama jenereta. Ya kumi sikufika. Doto alikuwa anazungumza na mtoto huku miguu yake iko hewani.

Nimekasirika, nikamwambia basi na yeye atoke tukakimbie. Daktari kaniruhusu kutembea tu, kwa hiyo tumetembea njia ya Kalenga, haraka haraka. Kilimani Doto akaanza kuhema. Akakaa kwenye jiwe! Mimi mgonjwa, nimesimama. Nimecheka kidogo, mara ya kwanza tangu Ubaruku. Basi mapafu ni yangu, mgongo ni wake.

Kila mmoja ana nusu. Au hakuna mwenye kitu. Kichwa changu kinauma.

Jumatatu, 6 Septemba

Mabaya leo. Nimejichoma sindano nikachelewa kula, nikatetemeka, jasho baridi, nikamwita Doto kwa jina la mama. Kanipa chai ya sukari. Sukari ileile! Wiki tatu wananikataza, leo wananinywesha kwa nguvu. Nikapona baada ya robo saa. Nimemwuliza daktari huu ni ugonjwa wa namna gani, unaua kwa kitu kilekile kinachoponya. Kasema nitazoea.

Namwuliza Mungu mambo mengi usiku huu. Lakini mguu nimeuangalia, kidole kwa kidole, kama walivyonifundisha. Mzima.

Jumapili, 12 Septemba

Misa ya kwanza, halafu mkeka, halafu njia ya Kalenga. Nimefika kumi na mbili leo. Doto kafika kilimani bila kukaa.

Tuliporudi mama mmoja wa sokoni alimwita Doto, akaniangalia mimi, akasita, akauliza yupi ni yupi. Doto akamjibu: "Doto ni mimi."

Hospitali wana mizani pale mlangoni. Nimepita kando yake mara mbili leo, kwenda misa na kurudi, sikupanda.

Jioni, wakati naosha vyombo, povu la sabuni lilikwama kwenye ukanda wa Baba. Ubaruku ulikuwa unateleza mpaka kwenye kifundo cha mkono. Juma lililopita ulisimama kwenye kiwiko, vidole vitatu vikipita ndani yake. Nimekausha mikono, nimeupandisha juu, nimejaribu tena polepole. Vidole viwili.